Kavu Mpaka Saa Sita

Kibanda cha Arlene Kubiak kiko kando ya barabara kuu, hatua mia mbili kutoka kwenye majaruba yao ya kranberi, na kila Oktoba magari ya watu wa mjini husimama hapo ili wenyewe wapige picha matunda mekundu yakielea majini. Wakishapiga picha, wengi huona haya kuondoka mikono mitupu. Arlene anawajua, ndiyo maana chupa zake za juisi amezipanga pale pale wanapopita kurudi kwenye magari. Juu ya chupa kuna ubao alioandika kwa mkono wake mwenyewe: JUISI HALISI YA KRANBERI. HAINA SUKARI. HUSAFISHA FIGO.

Jumanne hiyo alisimama mwanamke mmoja kutoka Milwaukee, miwani ya jua ameipandisha kichwani, akaigeuza chupa kutafuta maandishi ya nyuma. Hayakuwepo.

"Dola kumi na mbili?" aliuliza. "Dukani nanunua kwa nne."

"Ya dukani ni sukari iliyotiwa rangi," alisema Arlene. "Ukitaka soda, kanunue soda. Hii ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya mkojo. Ukienda haja ndogo ukaungua, kunywa glasi tatu kwa siku, siku nne tu, kwisha habari yake. Huniamini? Ngoja. Joelle! Hebu njoo mara moja, mwanangu."

Joelle, mke wa Dale, ambaye ni mwana wa pekee wa Arlene, alikuwa anatoka kwenye banda la mashine. Alivaa suruali ya mpira ya kuingilia majini, ile inayompanda mtu hadi kifuani na mabuti yake yameungana nayo. Alikuja polepole, akasimama mbele ya kibanda magoti yamebanana.

"Mwambie mama huyu. Machi ulipougua, nini kilikuponya?"

Joelle aliitazama chupa, kisha akayatazama mabuti yake. "Juisi," alisema.

"Ulikwenda kwa daktari?"

"Hapana, Mama."

Yule mwanamke alicheka kwa aibu, maana hakuzoea kusimuliwa mkojo wa mtu asiyemjua kando ya barabara, akanunua chupa mbili ili mazungumzo yaishe. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, na Arlene alikuwa ameivuta hii kwa miaka mingi. Alizikunja noti akazitia kwenye kopo. Magoti ya mkwewe hakuyatazama. Au aliyatazama, akadhani ni baridi.

*

Majaruba ya kina Kubiak ni saba tu, na katika sehemu ile ya Wisconsin mwenye saba huhesabiwa kuwa mtu mdogo. Siku ya kuvuna hufungulia maji mpaka yafike mapajani, mashine ya kupukutisha ikapita ikivitikisa vitawi, na matunda yakaachia yakaelea juu. Kisha watu huingia na reki za mbao kuyasukuma kuelekea kwenye pampu, na pampu huyatupa ndani ya lori la kiwandani. Lori huja kwa zamu. Ukikosa zamu yako unarudi mkiani mwa foleni, na barafu haingoji foleni ya mtu.

Shida ya suruali ya mpira ni kuivua mtu akibanwa na mkojo. Mwanamume hulegeza kamba za mabega, akageukia upande wa pili, akamaliza. Mwanamke hana budi atoke majini, apande tuta, avue mabuti na sweta mbili, atembee mpaka nyumbani, kisha arudi ayavae yote upya. Hiyo ni nusu saa. Nusu saa hiyo wanaume huegemea reki zao wakimngoja bila kusema neno, na bora wangesema.

Kwa hiyo wanawake wa nyumba ile walikuwa na sheria yao: kavu mpaka saa sita. Arlene alifundishwa na mama mkwe wake, naye akamfundisha Joelle asubuhi ya mavuno yake ya kwanza, miaka kumi na saba iliyopita, alipomwondolea kikombe cha kahawa mkononi akakimwaga kwenye sinki. "Kavu mpaka saa sita," alimwambia, "na ukishakula mchana, kavu mpaka giza." Alisema kwa upendo. Yeye mwenyewe alivuna miaka thelathini na minane hivyo, mpaka magoti yalipomkatalia, na alijivunia kibofu chake kama wengine wanavyojivunia farasi wao.

*

"Mama, naomba ufunguo wa gari kesho asubuhi," alisema Joelle jioni ile mezani.

"Uende wapi katikati ya mavuno?"

"Mjini mara moja. Kuna vitu vya dukani."

"Vitu gani? Friji imejaa mpaka mlango haufungi."

Joelle alikisukuma kipande cha soseji pembeni mwa sahani. Dale alikuwa anakula kwa haraka, ratiba ya zamu za lori ameitandaza karibu na bakuli la kabichi.

"Inachoma tena," Joelle alisema hatimaye kwa sauti ndogo. "Tangu Jumapili."

"Jamani," alisema Dale, mdomo umejaa, "si mnaona ninakula?"

"Basi kula, nani amekuzuia?" alijibu mama yake. Alikuwa ameshasimama. Tuseme ukweli: alifurahi. Tangu magoti yaharibike hakuna aliyemhitaji majarubani, na juisi ndiyo kazi aliyobakiwa nayo. Kila alipoona mtu mgonjwa wa kitu ambacho yeye anakiweza, moyo wake ulipata nguvu mpya. Alikwenda kwenye stoo, akarudi na chupa na glasi kubwa.

"Nilifikiri safari hii nimwone tu daktari, Mama."

"Daktari! Ukae kwenye benchi saa tatu, ukojoe kwenye kikombe watu wanakuona ukipita nacho, halafu akupe vidonge vya kukuvuruga tumbo? Hebu niambie. Mara zote nne ulizougua, ulikwenda kwa daktari?"

Joelle aliangalia glasi. "Hapana."

"Ulipona, hukupona?"

"Nilipona."

"Haya."

"Jumamosi, Joelle," alisema Dale bila kuinua macho kutoka kwenye ratiba. "Lori linakuja Alhamisi saa nane. Tumalize jaruba la nne na la tano, Jumamosi nikupeleke mwenyewe. Bila wewe tunabaki wawili, mimi na Ramiro. Hatuwezi."

Joelle aliinywa ile juisi. Ilikuwa chachu kiasi cha kumfanya mtu afumbe jicho moja. Arlene alimjazia glasi nyingine, naye akainywa hiyo pia.

*

Jumatano Joelle alitetemeka wakati wa kifungua kinywa, na mkono wake wa kulia ukawa hautoki ubavuni, nyuma, chini kidogo ya mbavu.

"Ni reki hiyo," alisema Arlene. "Unaivuta kwa mgongo badala ya mikono. Nimekwambia mara ngapi?"

"Ndiyo, Mama."

Alikunywa juisi yake, akamwaga kahawa mwenyewe, akaenda majini.

Alhamisi, saa nane na nusu mchana, Arlene alikuwa kibandani anamrudishia chenji mzee mmoja alipomwona Ramiro Ochoa akija mbio juu ya tuta na kitu mikononi. Ramiro alikuwa kibarua wao mwaka wa tisa na hakuwahi kuonekana akikimbia. Alipokaribia ndipo Arlene akakitambua kile kitu: ni Joelle.

"Amekaa chini majini!" alisema Ramiro, akihema. "Namwuliza, ananijibu kwa maneno yasiyoeleweka. Anaungua, bibi. Mguse uone."

Arlene aliweka kiganja kwenye paji la uso la mkwewe, akakiondoa upesi. Waliilegeza suruali ya mpira, lakini miguu ilikuwa imevimba na maji yameingia ndani, haikuvulika. Ramiro alichomoa kisu akaipasua kutoka kifuani hadi gotini. Nguo za ndani zilikuwa zimelowa, tena si kwa maji ya jaruba peke yake, na harufu ilieleza yaliyobaki.

"Msiniangalie," alisema Joelle. Hilo alilitamka vizuri kabisa.

Ramiro aligeuza uso. Yule mzee mnunuzi, na chenji yake mkononi, naye aligeuza uso. Dale alikuwa amesimama kwenye ubavu wa lori ng'ambo ya jaruba akiwapungia mkono, na pampu inanguruma.

"Mpeleke, Mama!" alipiga kelele. "Nikizima sasa hivi…" Hakumalizia, au kama alimalizia pampu ilimmeza.

Ni maili kumi na nane mpaka hospitali. Kwenye maili ya tatu Arlene, mkono mmoja kwenye usukani, alifungua chupa aliyoichukua kibandani.

"Kunywa kidogo, mwanangu. Kidogo tu."

Joelle alikunywa. Kwa miaka kumi na saba hakuwa amemkatalia mama mkwe wake kitu chochote mbele ya uso wake, na siku hiyo hakuwa na nguvu za kuanza. Kisha akainama, akatapika, na kioo cha mbele na magoti yake vikawa vyekundu tupu.

Arlene alikanyaga breki gari likayumba mpaka kwenye nyasi. Alijua ni damu. Alikaa hapo kwa muda mrefu kuliko alivyokuja kusimulia baadaye, mpaka pua yake ikamwambia kuwa si damu. Ni harufu anayoijua kuliko harufu ya nyumba yake mwenyewe. Akaitupa chupa nyuma ya kiti, akaondoa gari.

*

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Coretta, mwanamke mnene mwenye mikono ya haraka. Alipima homa, ikawa nyuzi arobaini na ushee. Alipima presha, akaipima tena. Kisha akamlaza Joelle ubavu na kumgonga mgongoni kwa ngumi, taratibu tu, kama mtu anayebisha hodi. Joelle alipiga yowe.

"Figo," alisema Coretta, tayari anatafuta mshipa wa kuweka dripu. "Tangu lini, mama?"

"Ilianza Jumapili. Lakini amekuwa akipata dawa." Arlene alikuwa ameiokota ile chupa nyuma ya kiti akaja nayo. Aliinyanyua. "Hii. Glasi tatu kwa siku."

Coretta aliitazama chupa, akasema, "Sawa," kwa adabu ambayo Arlene hakuipenda. Kisha akageukia kompyuta iliyokuwa kwenye toroli, akainama sikioni kwa mgonjwa.

"Joelle, unanisikia? Tunataka kukupa antibayotiki ya mshipani. Ile tuliyokupa Machi, ilikuletea vipele? Kuvimba?"

"Hapana," alisema Joelle.

"Na ile ya Agosti mwaka juzi? Naona ilikuwa ya aina nyingine."

"Hapana."

"Vidonge ulivimaliza?"

"Vyote. Mara zote."

Arlene alikuwa amesimama kando ya pazia. "Mara zote ngapi?" aliuliza.

Coretta alimtazama kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba wapo watatu chumbani, akafunga mdomo. Aliyejibu ni Joelle, na hakufungua macho.

"Nne, Mama."

Ile chupa ilikuwa baridi mkononi mwa Arlene. Alitafuta mahali pa kuiweka. Kila meza ilikuwa na vifaa juu yake, kwa hiyo akaendelea kuishika.

Daktari alikuja muda si mrefu. Jina lake Pruitt, mwanamke mfupi aliyezungumza akiwa amesimama, na alizungumza na Arlene kwa kuwa Joelle alikuwa ameanza kusinzia.

"Kibofu kiko chini, figo ziko juu," alisema. "Wadudu huingia kwa chini. Kama wakitibiwa wakiwa kibofuni, ni vidonge vya siku chache, mtu anakwenda nyumbani. Hawa waliachwa, wakapanda mpaka kwenye figo ya kulia. Mkojo wenyewe kwa kawaida huwafagia kabla hawajapanda. Alikuwa anakunywa maji?"

"Hatunywi," alisema Arlene.

"Kina nani hamnywi?"

"Sisi. Wanawake. Wakati wa mavuno. Kwa sababu ya suruali." Maneno hayo alikuwa ameyasema maisha yake yote bila shida, na sasa aliyatamka moja moja. "Kuivua kunachukua muda."

"Kwa hiyo hanywi maji na anazuia mkojo. Siku nzima?"

"Kavu mpaka saa sita. Halafu mpaka giza."

"Nani alimwambia hivyo?"

Arlene angeweza kumtaja mama mkwe wake, ambaye amekufa na hangebisha. "Mimi," alisema.

Daktari aliandika. Hakumkaripia. Arlene angefurahi kama angekaripiwa.

"Na juisi je?" aliuliza, ingawa alikuwa ameshajua.

"Wapo wanawake wanaougua mara kwa mara, ikawapunguzia kuugua tena. Wengine haiwasaidii kitu. Lakini wadudu wakishaingia haiwatoi. Ni sawa na kufunga mlango wakati mwizi yuko chumbani." Dk. Pruitt aliangalia dripu. "Presha yake iko chini. Nina wasiwasi wameanza kuingia kwenye damu. Nimechukua damu na mkojo vioteshwe maabara, tujue ni wadudu gani na wanakufa kwa dawa ipi. Majibu huchukua siku moja au mbili, hatuwezi kungoja, kwa hiyo tumeanza na dawa inayoua wengi. Tutampiga picha ya figo pia, tuone kama kuna jiwe limeziba."

"Atakufa?"

"Ninafanya kila kitu ili asife," alisema daktari. Arlene alilitafuta neno "hapana" katika jibu hilo, akalikosa.

*

Alimpigia Dale simu kutoka kwenye korido.

"Nusu ya lori imejaa," alisema Dale. "Wanasema nini? Anaendeleaje? Nikimaliza hii nakuja moja kwa moja, baada ya saa mbili hivi."

"Njoo sasa."

"Mama, matunda yote yako juu ya maji. Lori likiondoka, zamu nyingine ni wiki ijayo. Yataoza."

"Acha yaelee, Dale," alisema Arlene. "Njoo umwone mkeo."

Upande wa pili ile ngurumo ya pampu ikakatika. Arlene hakuwahi kuisikia ikizimwa katikati ya lori tangu mumewe alipokuwa hai, na hata siku ya mazishi ya mumewe haikuzimwa.

Dale alifika na matope mpaka kiunoni, akasimama mlangoni akiogopa kuchafua sakafu. Alimtazama mkewe na ile mirija.

"Nilisema Jumamosi," alisema.

"Najua ulisema. Nilikuwepo."

Picha haikuonyesha jiwe. Hiyo ilikuwa habari njema ya Alhamisi, na ilikuwa peke yake. Ijumaa homa ilishuka asubuhi kidogo, ikapanda tena mchana, na Joelle alimwita mama yake mzazi, aliyekufa zamani, akamwomba amfungulie mlango wa choo. Dale alitoka nje. Arlene alibaki, akamwambia, "Uko wazi, mwanangu. Nenda." Aliyasema hayo mara nyingi mchana ule.

Jioni Dk. Pruitt alirudi na karatasi. Wadudu wa Joelle walikuwa wameizoea ile dawa ya kwanza, haikuwatisha. Akaiondoa, akatundika nyingine. "Hii maabara wanasema inawaua," alisema. "Vuteni subira."

Mtu anayengoja hospitalini hana kazi, na Arlene hakuwahi kukosa kazi. Alikaa akihesabu matone ya dripu na kuwaza. Kwamba Joelle alimdanganya, hilo lilimuuma, lakini liliuma kama kidole kilichojikwaa. Lililomkata ni jingine. Mara nne msichana yule alijua njia ya kupona, akaifuata kwa kujificha. Mara ya tano alikuja jikoni akaomba ufunguo waziwazi, akapewa glasi.

Jumamosi alfajiri homa ilikatika. Jumamosi hiyo hiyo, ile iliyoahidiwa na Dale, Joelle alifungua macho saa nne asubuhi akasema anataka mkate wa kukaanga na siagi. Dale alilia palepale mbele ya Coretta, akajifuta kwa kofia.

*

Walirudi nyumbani Jumatatu na vidonge vya siku kumi. Dk. Pruitt alikuwa amesema mara mbili kwamba visiachwe hata Joelle akijiona mzima, na kwamba mkojo upimwe tena akivimaliza. Alisema hayo akimtazama Joelle, lakini aliyetikisa kichwa ni Arlene. Saa moja asubuhi na saa moja jioni alisimama mbele ya mkwewe na kidonge kwenye kiganja na glasi ya maji, na hakuondoka mpaka maji yaishe.

Siku ya tatu alimwita Dale.

"Nataka kile choo cha kukodi, kile cha plastiki wanachoweka kwenye sherehe. Kiwekwe kwenye tuta."

"Mama, yamebaki majaruba mawili tu. Mavuno yanakwisha."

"Basi kitumike kwa hayo mawili. Na Joelle hagusi maji mwaka huu, usije ukathubutu hata kumtazama. Muulize Ramiro kama dada yake anaweza kuja. Na akija, awe na chupa ya maji kiunoni, nimwone anaimaliza. Akitaka kutoka mara kumi, atoke mara kumi, nanyi muangalie ndege."

"Ndege gani?"

"Wowote watakaopita."

Choo kililetwa siku ya pili, rangi ya buluu, kikasimama juu ya tuta peke yake. Matunda ya jaruba la tano hayakupona yote. Dale aliyauza yaliyobaki kwa bei ya kutupa, na hakulizungumza jambo hilo mezani.

Ijumaa mchana gari lilisimama mbele ya kibanda, akashuka yule mwanamke wa Milwaukee. Safari hii miwani alikuwa ameivaa machoni.

"Nimefurahi kukukuta," alisema. "Zile mbili nilizigawa. Sasa nataka nne. Binti yangu yuko chuoni, hapa karibu. Tangu Jumanne anaungua, ile uliyosema. Nampelekea leo."

Arlene alikuwa ameshazishika chupa mbili shingoni, moja kila mkono. Mazoea hayo. Akazirudisha.

"Ana homa?"

"Alisema anasikia baridi baridi."

"Mgongo? Hapa, ubavuni?"

"Sijui. Mbona unauliza?"

"Mpeleke hospitali. Leo, usingoje kesho. Ukitoka hapa shika kulia, maili kumi na nane, utaiona."

Mwanamke alivua miwani. "Lakini wiki iliyopita tu uliniambia… Ulimwita mkweo hapa, akasema mwenyewe kwamba alipona."

"Alisema uongo," alijibu Arlene. "Na mimi niliuza uongo wake. Sikujua, lakini niliuza. Hii ni juisi ya kranberi. Inafaa sana na nyama ya bata mzinga. Sasa nenda, mama, binti yako asichelewe."

Yule mwanamke alimtazama kwa hasira ya mtu aliyepotezewa muda, akarudi garini bila kuaga. Alipofika barabarani alishika kulia. Arlene alisimama akimwangalia mpaka gari likapotea, kisha akapanda kwenye kreti, akaushusha ubao. Alifikiri kufuta mstari mmoja tu, ule wa mwisho, lakini rangi ilikuwa ya zamani na haikufutika. Akauegemeza ukutani, maandishi yakiangalia ndani.

Saa moja jioni aliingia chumbani na kidonge na glasi. Joelle alikuwa amekaa kitandani anachambua soksi. Uso wake ulikuwa umerudiwa na rangi, na alikuwa anaimba kitu kwa midomo iliyofumbwa, akaacha alipomwona.

"Vile vya zamani," alisema Arlene. "Vidonge. Ulikuwa unavificha wapi?"

Joelle aliweka soksi chini. Alionekana kupima kama anaweza kunyamaza, akaona hawezi.

"Stoo, Mama. Kwenye rafu ya juisi, nyuma ya chupa za mwaka uliotangulia. Hizo huwa huzisogezi."

"Na hela ya kuvinunulia?"

"Ya mayai."

Arlene aliwakumbuka kuku. Machi ile alikuwa amewalaumu sana kwa kutotaga, hata akachinja wawili. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, glasi bado mkononi.

"Mbona hukuniambia? Mara nne, Joelle. Neno moja tu lingetosha."

Joelle alichukua kidonge, akakimeza. Alikunywa maji taratibu, mpaka chini, kama alivyoagizwa, akamrudishia glasi tupu.

"Ulikuwa unafurahi sana, Mama," alisema. "Kila nilipopona, ulikuwa unafurahi sana."

Arlene aliishika ile glasi kwa mikono miwili. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akafungua bomba, akaijaza tena.